Mama Mdogo Anasali Kwenye Kiti

Mama mdogo wangu ni daktari wa moyo huko Dar es Salaam. Amekuja huku kwetu mkoani kumchukua bibi, mama yake, akamtibu. Leo adhuhuri alivuta kiti, akasali amekaa. Bibi, ambaye moyo wake ndio unaoumwa, alisujudu chini kama kawaida. Alipomaliza akamgeukia bintiye.

"Mgonjwa yuko kwenye mkeka, daktari yuko kwenye kiti. Hicho cheo kikubwa."

Mama mdogo akacheka, akasema ni uchovu wa basi.

Mimi nilijua si basi. Asubuhi aliniita nimsugue mgongo, na kwa kuwa mimi si msemaji, watu huniambia mambo. Kazi yake ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, huku akiutazama kwa eksirei. Mgonjwa anapigwa mionzi mara moja, yeye kila siku. Kwa hiyo anavaa aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, nzito kama mtoto aliyelala mgongoni, na anasimama nayo mpaka jioni. Pingili za kiuno zimesagika. Jicho la kushoto, lililo upande wa mashine, limeanza ukungu. Kuna kibeji cha kupima mionzi, lakini siku nyingine anakiacha kabatini makusudi, maana kikisoma juu atatolewa kwenye chumba hicho cha mashine, na wanaoijua kazi hiyo ni wachache.

Nikamuuliza kwa nini asipumzike.

"Nikishamtibu mama," akasema.

Bibi alikataa hospitali muda mrefu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mkono utakaougusa moyo wake uwe wa mwanawe. Nikimweleza chumba kile kinamfanya nini mwanawe, hatakwenda. Nisipomweleza, mama mdogo atapigwa mionzi mingine.

Jioni mama mdogo alipotoka kukata tiketi, bibi akaniita jikoni.

"Mke mwenzangu, huyu anaumwa nini? Usinifiche."

Nilifungua mdomo. Nikaona anavyohema, na alikuwa amekaa tu, hajabeba hata ndoo.

Akanisubiri mpaka akachoka. "Wewe nawe, kukutoa neno ni kazi kama kung'oa jino. Haya, nikunjie kanga zangu."

Nikazikunja. Akaniongezea nyingine nzito, ya mama mdogo ajifunge kiunoni. Alisema huko hospitali wanawasha viyoyozi mno, na baridi ndiyo inayomharibu mgongo mtoto wake.