Ukuta Uliokunywa Kabla Yetu

Ukienda Kyuso leo ukauliza ni nani aliyejenga ule ukuta wa saruji juu ya mwamba, utaambiwa ni Serikali. Serikali ilileta saruji. Ukuta niliujenga mimi, kwa hesabu yangu, na diploma yangu ikiwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha kambi. Waafrika wenye diploma ya ujenzi katika wilaya nzima ya Kitui siku hizo ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Na sikusomeshwa na mtu. Nilianza kwa kubeba kokoto za barabara pale Salama, karai kichwani, jua kisogoni. Kutoka Salama nikaenda Nairobi kuwachanganyia udongo mafundi wa Kihindi, kutoka Nairobi nikavuka hadi Uganda, na niliporudi nilikuwa na viatu vya ngozi na karatasi yenye muhuri. Vijana wa siku hizi wanaosomeshwa kwa harambee hawawezi kuelewa jambo hilo, nami sijisumbui kuwaeleza.

Kazi yangu ya kwanza baada ya diploma ilikuwa Kikima, huko milimani Mbooni, kujenga nyumba ya dawa. Kikima saruji haina matata. Asubuhi kuna ukungu. Ukuta unalala na umande, unaamka mgumu. Nilisifiwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikaambiwa niende Kyuso, kwetu nilikozaliwa, nikazibe bonde la mwamba kwa ukuta, ili mvua ya Novemba ikinyesha maji yasikimbie yote. Nilifurahi. Nilidhani jua la kwetu nalijua.

Jua la mchunga mbuzi na jua la mjenzi ni mambo mawili. Mchunga mbuzi hujibanza kwenye kivuli cha mgunga akangoja. Mjenzi hana mahali pa kujibanza, hasa akijenga juu ya mwamba mtupu mwezi wa tisa na wa kumi, wakati hata kunguru wanakaa midomo wazi. Mwamba ule uliota jua tangu asubuhi, na ilipofika saa sita ulikuwa unaturudishia kutoka chini kile tulichopigwa kutoka juu. Aliyekuwa bila viatu vya tairi alirukaruka kama aliyekanyaga majivu ya jikoni. Mwiko ukiachwa juani kidogo tu, ukiushika unaacha ngozi. Niliamuru mabeleshi yote yalazwe kivulini, na kila mtu aloweshe kitambaa akiweke ndani ya kofia. Tulianza kazi alfajiri, tukaacha saa nne, tukarudi saa kumi jua likipoa. Mzungu wa kazi za maji alipokuja na gari lake akakuta wanaume wamelala kivulini saa saba, alinifokea. Nilimjibu kwa Kiingereza chake, tena kizuri kuliko cha karani wake, kwamba zege likichanganywa saa saba atapata biskuti, hatapata ukuta. Akatazama mwamba, akatazama saa yake, akaondoka. Hakunifokea tena.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana kila kitu kilitegemea hilo. Watu hudhani saruji hukauka. Saruji huiva, na ili iive inataka maji. Ikikaushwa na jua kabla ya kuiva, hupasuka. Kwa hiyo kila kipande cha ukuta tulichomaliza tulikifunika magunia, na magunia tukayamwagia maji asubuhi, adhuhuri na jioni, majuma kwa majuma. Na maji yenyewe yalitoka mtoni, na mto ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo, unakaa ukingoni unangoja yachuruzike, unachota kwa kibuyu mpaka debe lijae. Kutoka shimo hadi mwambani ni mwendo wa saa mbili kupanda. Punda wengi walikuwa wamekufa kwa ukame. Waliobeba maji ni wanawake wa mwethya, kile chama chetu cha kusaidiana kazi, debe mgongoni na ukanda wa ngozi kwenye paji la uso.

Aliyewaongoza kwa nyimbo alikuwa dada yangu mkubwa. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye mwanya na ulimi usiomwogopa chifu. Siku ya kwanza aliponiona nikimwagia ukuta debe zima la maji aliyoyatoa mtoni, alitua mzigo, akashika kiuno.

"Mwana wa mama," akasema, "huyu amejifungua lini?"

"Nani?"

"Huyu ukuta wako. Amefunikwa, amewekewa kivuli, ananyweshwa mara tatu kwa siku. Mimi nimezaa watoto watano na sikuwahi kutunzwa hivi."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Kesho yake walikuwa wameshatunga wimbo: *Ukuta wa ndugu yetu umejifungua, leteni maji, leteni na uji, mtoto wake ni nani? Mtoto wake ni mawe!* Waliuimba wakipanda, tukawasikia kabla ya kuwaona. Sikukasirika. Fundi anayeimbwa ni fundi anayeonekana.

Kiangazi kiliendelea kukaza. Shimo la mtoni likawa linatoa maji kidogo kidogo, kama jicho linalouma. Wachungaji walifika kwanza na ng'ombe wao, wanawake wakangoja zamu, na waliokuwa wakifika mwambani saa tatu wakawa wanafika saa saba. Saa zangu nilizozipanga vizuri ziliwakinga wanaume waliokuwa mwambani. Hazikuwafikia wanawake waliokuwa njiani. Nilipunguza maji ya kuogea, ya kwangu kwanza. Nikapunguza ya kunywa, kila mtu kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na adhuhuri kikombe cha wale waliopanda. Ya ukuta sikuyapunguza.

Jioni moja wanawake walitua madebe wasiondoke. Walikaa. Dada yangu ndiye aliyesema.

"Fundi," akaniita hivyo, hakuniita mwana wa mama, "tumekuja kukuuliza. Watoto nyumbani wanalamba kibuyu. Sisi tunapita nyumbani na debe limejaa, tunalileta kwa jiwe. Likinyimwa siku mbili litakuwaje?"

"Litapasuka."

"Unajua, au unadhani?"

"Najua. Na likipasuka, mvua itapita hapa kama inavyopita kila mwaka, na mwaka ujao mtachimba mchanga tena."

Dada yangu akawageukia wenzake. "Mmesikia. Huyu tulimwona akienda bila shati na akarudi na viatu. Kama anasema anajua, anajua. Simameni, mama zangu, giza linaingia."

Tangu nipate diploma hakuna aliyenipa heshima kubwa kuliko hiyo.

Siku ile mambo yalipotokea, kipande cha mwisho cha ukuta kilikuwa kichanga kabisa. Ilikuwa saa saba imepita. Hapakuwa na upepo. Tulisikia nyayo za wanawake tu; hawakuwa wakiimba. Dada yangu alitokea wa mwisho, akaja taratibu, akatua debe lake bila kumwaga tone. Akajikunyata, akajifunga leso mabegani.

"Mwana wa mama," akasema, "mbona leo kuna baridi hivi?"

Wanawake wakacheka. Walidhani ni mzaha wake mwingine. Mimi nilitazama uso wake. Haukuwa na jasho. Wengine wote walikuwa wameloa hadi kiunoni, na yeye alikuwa mkavu kama mwamba. Nilimshika mkono, ulikuwa moto kama mwiko ulioachwa juani. Akaanza kuniuliza kama mbuzi wamerudi, na mbuzi hao tuliwachunga tukiwa watoto.

Najua watu wamesema mengi kuhusu yale niliyofanya, basi wayapate kutoka kwangu. Nilikimbia ukutani nikayavuta magunia, yote, yaliyokuwa yamelowa. Nilimlaza kivulini mwa mgunga nikamfunika kwa magunia hayo kutoka shingoni hadi miguuni, na nikaanza kumwagia madebe ya ukuta, moja baada ya jingine, na kumpepea kwa kofia yangu. Maji yanapokauka hubeba joto. Hilo nililisoma, na hapakuwa na mtu mwingine pale aliyelijua. Nilimimina hata debe alilolileta mwenyewe. Ukuta nyuma yangu ulikaa uchi juani. Nilisikia nyapara wa chifu, aliyewasimamia vibarua, akisema, "Fundi, kazi ya Serikali!" Nilimwambia anyamaze.

Kuna wakati alifungua macho akasema, "Mnanilowesha." Wanawake wakamshukuru Mungu kwa sauti. Baada ya hapo hakusema tena. Alikata roho kabla ya saa kumi, ndani ya magunia yaliyokuwa bado yanadondosha maji.

Hatukuwa na magunia mengine. Nyapara alikuja, akavua kofia, akainama kwa adabu, kisha akanong'ona kwamba yatolewe yarudishwe ukutani, maana ukuta unakufa. Alisema kweli, niliona rangi yake ikibadilika, ukawa mweupe kama unga. Lakini mwanamke mmoja mzee alisimama kati yetu. Kwetu, kitu kilichomgusa maiti kina uchafu wa kifo, thavu, na hakirudi kwa walio hai.

"Ukiyarudisha hayo magunia pale," akasema, "huo ukuta utakuwa na maji ya marehemu. Hakuna atakayekunywa hapa. Hata wajukuu zetu."

Mimi ni mtu wa kanisa, na nimesoma. Gunia kwangu ni gunia. Lakini nilielewa, haraka kuliko ambavyo mhandisi yeyote wa Kizungu angeelewa, kwamba ukuta wenye maji yasiyonywewa ni jiwe tu. Nikamwambia nyapara magunia yanaenda na dada yangu. Kisha niliingia ndani ya hema langu, nikatoa shuka, mablanketi mawili, taulo, na suti ya kijivu niliyoivaa siku ya kupewa diploma. Nikaliangusha hema lenyewe. Vyote nilivitandaza ukutani. Maji yaliyobaki hayakujaza hata madebe mawili. Niliyapima kwa kikombe, nikalowesha koti, nikalowesha suruali, nikalowesha turubai, mpaka giza likaingia. Wanaume hawakunisaidia. Walikuwa wamekaa wamenipa mgongo, na sikuwaita.

Mwaitu, yaani mama yetu, alifika na ndugu wengine kumchukua. Alipita karibu nami. Nilikuwa na kikombe mkononi.

Tulizika asubuhi, upesi, kwa sababu ya joto. Kabla ya mazishi nilipanda mwambani nikamwagia ukuta kwanza, kwa maji yaliyoletwa na wanawake wawili tu waliokubali kushuka mtoni alfajiri ile. Wengine wanasema nilifika kaburini na matope ya saruji miguuni. Ni kweli, nilifika nayo. Kama ningeuacha, dada yangu angekuwa amekufa kwa kuubebea ufa maji.

Mstari mwembamba ulitokea hata hivyo, upande wa magharibi, mahali palipokaa wazi zile saa. Niliuchimba kwa patasi, nikaujaza, nikaufunika kwa koti. Haujavuja hata mara moja. Wahandisi wamekuja na kupima, wakaandika, wakaondoka, na hakuna aliyepata kosa.

Mvua ilikuja Novemba kwa kelele. Maji yaliteremka mwambani yakiwa mekundu, yakagonga ukuta, yakasimama. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake na koti la mvua, nikisikiliza kama kuna kitu kitakachotoa mlio. Hakuna kilicholia. Maji yalipotulia, watu walikuja wakasimama kando. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Yule mwanamke mzee ndiye aliyeshuka na kibuyu, akanusa, akanywa, akachota. Wakashuka wote. Kiangazi kilichofuata watu walikuja kutoka mbali na mifugo yao, na shimo la mtoni likafukiwa na mchanga, isipokuwa upande mmoja.

Upande huo aliuchimba mama. Kila asubuhi alipita chini ya ukuta wangu, debe tupu mgongoni, akaenda mtoni, akarudi mchana na maji yake. Nilipokuja likizo nilimngojea njiani.

"Mwaitu," nikasema, "maji yako hapa. Ni ya mwanao. Huna haja ya kwenda mbali na jua hili."

Alisimama akatazama juu, kule ukutani ambako watoto walikuwa wakichota na kurushiana maji.

"Nayaona, mwanangu," akasema. "Ni maji mazuri. Ulijenga vizuri. Wape watu wanywe."

Akasogeza ukanda kwenye paji la uso, akashuka mtoni.