Gari Likivalishwa Haliguswi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Foremani wa karakana ya shamba la mkonge, kule mbele ya Pongwe, mtu mzima mwenye ndevu za hina, alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akanitia mkononi kifuniko cha rejeta. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale, na mafundi wote walikuwa wameacha kazi zao ili wanione.

"Bibie, wajua kupika?"

"Shikamoo. Najua."

"Marahaba. Basi usahau. Hii si sufuria ya wali, hufunui ukachungulia kama umeiva."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilichukia, lakini maneno yale ndiyo yaliyonilindia macho yangu hadi leo.

Niwaeleze ninyi vijana. Maji huzunguka ndani ya injini yakibeba joto, yanakuja kupoa kwenye rejeta kwa upepo wa feni. Kifuniko kina springi inayobana presha, ili maji yapate moto kuliko maji ya sufuria bila kuchemka. Ukifungua injini ikiwa ya moto, ile presha inatoka kwa mkupuo na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Foremani alikuwa na mkono wa kushoto uliobabuka toka kiwiko hadi vidole, na hakuna aliyemuuliza uliungulia wapi. Alinifundisha kuzima injini na kungoja. Halafu, kwa kitambaa kinene, nibonyeze mpira wa juu, lile bomba nene litokalo kwenye injini kuingia rejeta. Ukiwa mgumu, rudi ukakae. Ukilainika, na rejeta ukiigusa haina moto, ndipo ufungue polepole, kitambaa mkononi na uso pembeni.

Kutoka hapo nilihamia Pangani, kutunza magari ya idara ya serikali, na huko nilipigana na madereva. Visima vya pwani vina chumvi, nao wakichota humo humo wakijaza rejeta, kutu ikawa inakula vyuma. Niliwapigia kelele watumie kulanti, yale maji ya rangi yanayozuia kutu, mpaka wakaniita Mama Kulanti. Wengine waling'oa themostati, kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Eti Pangani joto lipo la kutosha! Injini zikawa zinakunywa mafuta kupita kiasi, nao wanamlaani muuza mafuta.

Nilipoletwa Tanga mjini nilikuwa kwenye majaribio ya kuwa msimamizi. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na nyumba yetu ya Mabawa ilinitegemea mimi. Nisingepita majaribio yale, ningerudi kwetu milimani kulima. Asubuhi moja likaingia gari la mgeni wa wizarani, mvuke umetanda mbele. Niliinua boneti nikabonyeza mpira kwa kitambaa, dereva akakimbilia ndoo. Mkuu wa Karakana, bwana mmoja wa suruali za pasi kali, akaja mbio.

"Eliza, fungua, tia maji, mheshimiwa aondoke."

"Bado, Mkuu. Mpira ni mgumu kama jiwe. Na maji baridi kwenye injini ya moto yatapasua silinda hedi."

"Sijakuuliza. Fungua!"

"Sifungui. Na hapa hafungui mtu."

"Basi vua hiyo ovaroli, uende kwenu."

Nilifungua vifungo kimoja kimoja, nikavua, nikabaki na gauni langu la kitenge mbele ya karakana nzima ya wanaume. Nikaikunja ile ovaroli, nikaiweka juu ya kifuniko cha rejeta.

"Nimevua, Mkuu. Anayetaka kufungua aiondoe kwa mkono wake."

Hakuna aliyesogea. Mkuu akatoa leso mfukoni, akauzungushia mpira wa juu, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akamwona dereva, ameinama na ndoo yake, uso juu kabisa ya kifuniko.

"Rudi nyuma wewe," akamwambia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mgeni alipewa gari jingine. Lile lilipopoa niliondoa ovaroli, nikajaza maji, nikafunga pampu ya kupimia presha pale penye kifuniko. Nikapampu hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, bila kuzidisha, nikaitazama geji. Sindano ikaanza kushuka taratibu, yaani kuna mahali panavuja. Tukamulika chini tukaona maji yanadondoka penye pampu inayoyazungusha ndani ya injini, sili yake, ule mpira wa kuzuia uvujaji, imekwisha. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo.

"Vaa nguo yako," akasema. "Utashikwa na baridi."

Ilikuwa Tanga, adhuhuri, mwezi wa pili. Nikavaa.

Tangu siku ile, gari likija linachemka, fundi anayelipokea huweka ovaroli juu ya kifuniko. Tulisema gari limevalishwa, na likivalishwa haliguswi na yeyote, awe dereva au bosi. Nilipita majaribio, na mwisho nikastaafu nikiwa mimi ndiye Mkuu wa Karakana. Miaka yangu yote pale hakuna fundi aliyeungua uso. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Juzi hapa, pikapu yangu ilipandisha joto karibu na Pongwe. Nikaegesha, nikazima. Kabla sijashuka vizuri, akatoka binti kwenye gereji ya kando ya barabara, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, bibi."

Akainua boneti, akavua koti lake la kazi, akalikunja na kuliweka juu ya kifuniko.

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza.

"Aa, bibi, ndivyo mafundi wa huku wanavyofanya toka zamani. Gari likivalishwa haliguswi. Hebu sogea kule kwenye benchi, usije ukaungua."

Jina langu lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nikaenda kwenye benchi, nikakaa mbali na gari kama nilivyoamriwa na fundi.