Mpishi wa Treni ya Watandika Reli

Walimwita Mama Sufuria, na jina lenyewe hakulichukia. Mumewe alikuwa mtandika reli. Tangu afariki, mjane alipika katika behewa la jikoni la treni iliyowalaza na kuwalisha wafanyakazi. Reli ikisogea, treni nayo husogea. Leo dirisha lake linatazama jabali, keshokutwa nyika tupu. Dada yake hakuchoka kumsihi arudi nyumbani atulie. Kutulia alikuwa amekusahau.

Mvua ikala tuta la reli nyuma yao, treni ya chakula ikakwama ng'ambo. Mama Sufuria akawa hakai wala hasimami. Alifunua pipa la unga, akalifunika, akalifunua tena kana kwamba unga huzaa gizani. Kwenye mabehewa ya kulala, yaliyonuka soksi mbichi, wanaume wawili walishikana mashati kwa kipande cha sabuni.

Msimamizi akaja jikoni, akarudisha mlango, akamwagiza unga uliobaki awawekee yeye na wahandisi. Wengine wanywe chai mpaka treni ifike.

"Itafikaje?" Mama Sufuria aliuliza. "Nani atajaza tuta, wahandisi?"

"Dada, sikuja kubishana."

Kazi ile ndiyo iliyompa Mama Sufuria hata pa kulala. Lakini alifungua mlango, akawaita wote, akaliinamisha pipa wajionee. Akasema anapika kilichopo chote, msimamizi atapanga foleni kama wenzake, na wakishakula wachukue makoleo warudi nyuma kujaza tuta.

Kisha mmoja wa wale wa sabuni akasema, "Pika, mama. Tumbo tupu halinyanyui koleo."

Wakala uji mzito na maharage ya kuokoteza. Msimamizi alikuja mwisho, bakuli mkononi, uso umemshuka. Wakaenda kushindilia mawe na udongo mpaka treni ya chakula ikapita kwa kunyata, dereva akichungulia chini.

Msimamizi hakumfukuza, alimnunia tu. Baadaye reli ikakutana na ile iliyotoka upande wa pili, kazi ikaisha, kila mtu akashika njia yake. Mama Sufuria akaenda kwa dada yake, akapewa chumba chenye pazia jipya na kitanda kisichotikisika. Usingizi ukamkataa. Wiki haikuisha, akawa anaulizia sokoni wapi wanatandika reli.

"Umeshafika nyumbani, mdogo wangu," dada yake alimwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Nikikipata nitakuambia, dada."

Alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake.