Wali wa Msiba, Barabara ya Magu

Leo nimekula wali wa msiba huku nikisifia mapishi.

Tuko safarini kwa baiskeli, kundi zima, Mwanza hadi Musoma. Mimi na Masanja tuliachwa nyuma. Kiongozi alishatuambia: mkipita Magu, mkiona baiskeli nyingi nje ya nyumba, ingieni, hapo ndipo tunakula mchana.

Tukaziona. Zilikuwa nyingi kuliko zetu, lakini kwa njaa ile nani angehesabu?

Tukaingia na vikaptula vyetu vya kubana. Tukanawa, tukapakuliwa. Nikamwambia mama mpakuaji, "Wali wenu mtamu, naomba kidogo tena."

Akaniongezea. Kisha akanifunga kitenge kiunoni.

Kugeuka, nikaliona jeneza.

Mjane akatufuata. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mmetoka wapi?" "Mwanza." Akaanza kulia. Mumewe alikuwa fundi baiskeli hapo barabarani. "Nilisema tu, hata wale wa mjini aliowatengenezea watakuja kumzika."

Masanja akafungua mdomo aeleze. Nikamkanyaga.

Tukazika. Simu za wenzetu zinaita, hatupokei.

Wakati wa kuaga, mjane akauliza, "Ni ipi aliyoitengeneza?"

Nikamwonyesha yangu, niliyoinunua Mabatini, kule Mwanza, juzijuzi.

Akaizunguka taratibu, akaminya breki, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Huu ni mkono wake."

Jamani, ninyi mngemwambia?