Mwaka Ami Alipogombea Ugavana

Harufu ya udi hainipendezi, na jueni si kwa ukorofi. Kwetu Sib, Uarabuni, udi hupitishwa mwisho. Mgeni akishafukizwa, anaaga. Wazee wakisema, baada ya udi hakuna kukaa. Siku moja baba aliuagiza mapema, makusudi, ili kumfukuza mtu.

Mtu huyo alikuwa Bi Zuwena, jirani yetu, mzaliwa wa Kongo kama baba. Kule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto, lakini uchaguzi wa gavana wa jimbo haukuahirishwa, na Ami Nasor, kaka yake baba, alikuwa mgombea. Wajumbe wa kupiga kura walitolewa vijijini kwa gari, katikati ya risasi. Dereva wao alikuwa Salum, mtoto wa pekee wa Bi Zuwena.

Mama alimmiminia kahawa. Akaiweka chini bila kuionja. Hata mimi mtoto nilijua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Mpigie nduguyo amtoe mwanangu kwenye gari hiyo."

"Bi Zuwena, hii siasa."

"Siasa yenu, maiti yangu?"

"Leteni udi!" baba akanguruma.

Nikaleta chetezo, nikikohoa. Bi Zuwena akajifukiza taratibu, mikono yote miwili, hadi ndani ya mtandio, kisha akakaa vilevile. "Nnanukia sasa. Nnasubiri."

Nilicheka, mama akanifinya. Baba, uso umemwiva, akachukua simu akatoka uani. Aliporudi alisema, "Nimemwambia. Atamtoa." Bi Zuwena akanywa, akamwombea baba dua ndefu ya baraka, akaenda zake.

Ami alishinda. Salum alirudishwa mjini amefunikwa turubai. Tangu hapo Bi Zuwena akimwona baba sokoni hutema mate, nami nikaona ni wazimu wa msiba.

Niliacha shule mapema, nikatangatanga miji mingi nikiuliza yasiyonihusu. Mwaka jana nikamkuta Ami Nasor hospitalini, mtaa wa Wattaya, amekuja kutoka Kongo kutibiwa. Nikamwuliza kwa nini hakumtoa Salum.

"Nani aliniomba? Babako alipiga kuuliza kura zinakwendaje."

Bi Zuwena alijua zamani. Salum alikuwa akimpigia mamake kila jioni, kutoka kwenye gari ile ile, na hakuna aliyemtajia habari ya kutolewa. Msiba hupoa, hata wa mtoto wa pekee. Lakini dua ile aliiomba kwa mdomo wake mwenyewe, sebuleni kwetu, sote tukiitikia amina, na baba akiitikia kwa sauti kuliko sisi.