Mjomba Yuko Kwenye Salfa

Ukimwona Theodora utasema huyu mama hajawahi kugombana na mtu. Anafagia kanisa letu la Anglikana hapa Mnyambe, anafua vitambaa vya altare, anaongea polepole kama anayeomba radhi. Mume alimfia zamani, akabaki na binti mmoja, Huruma. Lakini kwa ubishi, jamani, yule mama ni jiwe. Mimi ndiye wa kusema, maana nimebishana naye mpaka koo likanikauka.

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi pale barabarani, na vijana wanaombea vyuo kwangu. Huruma alifaulu vizuri kidato cha nne. Alitaka unesi, hakutaka kingine. Dirisha la maombi lilipofunguliwa tu tukakaa naye kwenye kompyuta, tukajaza kila kitu, vyeti tukaweka, picha tukaweka. Ikabaki kutuma.

"Bonyeza," nikamwambia.

"Mama amesema nisubiri. Mjomba hajasema neno."

Kwetu huku mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Silidharau hilo. Hata Ashiru wangu hakuingia jandoni mpaka kaka yangu aliposema. Lakini simu si zipo? Nikamfuata Theodora kanisani, nikamkuta na ufagio.

"Mpigie kaka yako, Mama Huruma!"

"Nimempigia. Nilipotaja tu chuo akanikatisha, kasema mambo ya mtoto hayasemwi kwenye simu. Anakuja mwenyewe, amalize tu kupulizia mikorosho."

Kaka yake, Eliakimu, alikuwa analima Tandahimba. Na mtu akikwambia anamalizia salfa, hiyo dawa ya mikorosho, wewe jua bado sana. Anapulizia leo, mikorosho inatoa majani mapya, anarudia.

"Basi mtoto atume," nikasema. "Kuomba siyo kwenda! Mjomba akikataa, haendi, yamekwisha."

"Akija akute nimeshatuma, nimemwita aje kufanya nini? Huko ni kumvua nguo kaka yangu."

Nikaondoka nimefura. Huruma akawa kila akienda kisimani anapita dukani. "Shikamoo, Mama Ashiru. Dirisha bado lipo?" Marahaba, lipo, mwanangu. Na mjomba yuko kwenye salfa.

Wiki ya mwisho Eliakimu akaanguka shambani, mashine ya kupulizia iko mgongoni. Presha. Hawakumfikisha hospitali.

Dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi jioni, siku ileile ya mazishi. Nilikwenda Tandahimba na simu yangu kubwa, haya sina. Nikamwinamia Theodora pale mkekani. "Pole, mwenzangu. Mtoto aninong'oneze tu nenosiri lake, nimalizie huko nyuma. Hakuna atakayejua."

Akanitazama, macho mekundu. "Mwenye neno amelala ndani, Mama Ashiru. Ukoo utakaa baada ya arobaini, umtaje wa kushika nafasi yake."

"Dirisha halisubiri arobaini!"

"Basi lifungwe."

Huruma alikuwa ubavuni mwake, alisikia yote. Akajifunika kanga usoni. Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba mama yake kofi, na maiti imo ndani.

Tuliporudi kutoka makaburini jua lilikuwa linazama. Mjane wa Eliakimu akamshika Huruma mkono mbele ya wanawake wote.

"Ndiye huyu nesi wetu! Marehemu alikuwa hanyamazi. Kila mgeni anaambiwa, mpwa wangu ameshaomba chuo, namalizia salfa nikampe baraka." Akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, bado kimekunjwa. "Kakununulia cha safari."

Theodora akauliza, "Alisema ameshaomba?"

"Ehe! Alisema dada yangu si mtu wa kulala, atakuwa ameshatuma zamani."

Theodora akanikamata mkono. "Fungua simu, Mama Ashiru. Huruma, mtajie hilo nenosiri. Fungua!"

Nikamwambia limeshafungwa. Akakaa chini mchangani, akalia upya. Watu wakadhani anamlilia kaka yake.

Baada ya arobaini ukoo ukamweka mdogo wao, Nikolao. Huyo habari za vyuo hana. Alisema shamba la marehemu limekosa mikono, mpwa aende akakae na mjane. Theodora akamfungia Huruma mizigo. Anafagia kanisa tu, na mimi akiniona anapita upande wa pili.

Mwaka huu dirisha limefunguliwa tena. Siku ya kwanza tu nikampigia Huruma. Akapokea huku anakohoa.

"Shikamoo, Mama Ashiru. Nitamwambia Mjomba Nikolao akija. Kasema tumalize salfa kwanza."

Nyuma yake nikamsikia yule mjane akiita: "Nesi! Mashine imekwisha dawa, njoo ujaze!"