Pikapu Juu ya Masale

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia panga likikata kitu kibichi inanirudia yote. Ilikuwa asubuhi ya mkesha wa Krismasi, jua limeshachomoza, na aliyeshika panga nilikuwa mimi, shangazi yako Felista. Juzi uliponipigia simu ukaniambia unakuja na gari lako jipya, na kwamba unataka yale masale ya nyuma ya jiko yafyekwe ili gari liingie mpaka uani, nilikaa kimya ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Najua kihamba, shamba letu la ukoo, ni chako sasa. Baba yako Epimaki, Mungu amlaze pema, amekuachia wewe, na mimi sina la kukupangia. Lakini leo utakaa unisikilize, na usiniambie una kikao.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, naishi Dar. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye miguu anauza kitu. Mimi nilikuwa naleta vitenge na vyombo vya plastiki kupitia mpaka wa Holili, napeleka Kariakoo. Mwaka ule nikapata pikapu. Nyeupe, imetumika Japani, redio yake inaimba kama mpya. Nikawa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki gari, na tena kifungua mimba wa mama yangu. Hayo mawili nilikuwa nayasema hata kwa mtu ambaye hajaniuliza. Kifungua mimba! Nilikuwa nalitamka kama cheo cha serikali. Nilikuwa na maringo, we acha tu, nikijikumbuka naona aibu peke yangu.

Unajua sisi Wachagga na Krismasi. Hata aliyegombana na ukoo mzima atapanda basi arudi. Tuliondoka Dar alfajiri ya tarehe ishirini na tatu, mimi na binti yangu Neema wa miaka mitatu; baba yake alibaki kazini. Chalinze, Korogwe, Same, hadi Himo, hapo tukaanza kupanda kwenda kwetu juu ya Mwika. Njiani niliwapita watu wa kijijini kwetu wanapanda kwa miguu, mabegi kichwani, watoto mgongoni, maana magari ya abiria yalikuwa yamejaa. Nyuma ya pikapu kulikuwa na nafasi. Niliwapigia honi, nikawapungia mkono, nikaenda zangu. Hilo uliweke akilini.

Nyumbani gari halikufika uani. Njia ya kuingilia ilikuwa ya miguu, inakizunguka kichaka kidogo cha masale nyuma ya jiko. Ikabidi niliache barabarani, na roho ikaniuma. Nilitaka siku ya Krismasi watu wakitoka kanisani kuja kunywa mbege kwetu, waikute pikapu uani.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Isale kwetu si ua la kupamba. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale lililofungwa fundo, hawezi kukukatalia msamaha. Linapandwa mipakani, na linapandwa pia juu ya wenzetu waliolala. Hayo yote niliyajua. Lakini makaburi yetu niliyajua pia: yako upande wa juu wa kihamba, yana saruji na misalaba. Kichaka kile hakikuwa na msalaba, nikajiambia ni mpaka wa zamani tu. Nilijua nusu, na nusu nyingine sikutaka kuijua.

Asubuhi ile Mama alikwenda kanisani kuungama. Nikachukua panga. Epimaki, mdogo wangu, wakati huo kijana asiyependa maneno mengi, akanikuta akiwa amebeba majani ya ng'ombe.

"Dada, msubiri Mama arudi."

"Mama atafurahi."

"Pale anapalilia mwenyewe. Mimi hajaniruhusu hata siku moja."

"Wewe kalishe ng'ombe, Epimaki."

Akaenda. Nikafyeka. Yalikatika kirahisi mno, kama vile hayakuwa na nia ya kubishana na mimi. Nikayatupa kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi, nikaenda kuleta pikapu, nikaiingiza taratibu mpaka ikakaa palepale, juu ya visiki.

Nilipozima injini ndipo nikasikia kimya. Mwanangu, kihamba hakinyamazi: kuna kuku, kuna maji ya mfereji, kuna majani ya migomba yanayosuguana. Siku ile vyote vilinyamaza. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, saa nne ya asubuhi, ukasimama kwenye migomba; hauingii uani, haurudi ulikotoka. Kuku wa Mama, ambao wakiona kivuli cha kitu chochote wanajilaza, walilizunguka gari kwa mbali. Nikasema ni harufu ya mafuta.

Mama alirudi, akasimama na mwavuli wake mkononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Umeliweka hapo?"

"Ndiyo, Mama. Si pamependeza?"

Aliyatazama magurudumu, moja baada ya jingine. "Haya," akasema, akaingia jikoni akafunga mlango. Tangu hapo hakunisemesha tena.

Mchana akapika mtori wa ndizi. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Epimaki, mimi na Neema, kwani Baba alikuwa ameshafariki. Mama akapakua mabakuli matano. Nikadhani kakosea hesabu. La tano akalibeba mwenyewe, akaliweka chini karibu na gurudumu la nyuma, akarudi akakaa. Nikamtazama Epimaki, naye akainamia chakula chake.

Alasiri nikamkuta Neema amelala kifudifudi kando ya gari, sikio ameliweka ardhini.

"Inuka, unachafua gauni."

"Mama, mtoto anasema gari ni zito."

"Mtoto gani?"

"Wa chini."

Alilisema bila woga wowote, kama anayeniambia paka amekunywa maziwa. Nikamnyanyua, nikamwogesha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikajisemea watoto wana mambo yao. Nilipopita tena pale, bakuli lilikuwa tupu. Mbwa huyo, nikasema. Mwaka ule hatukuwa na mbwa.

Asubuhi ya Krismasi nikakuta magurudumu ya nyuma yamezama. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, ardhi ngumu, lakini yamezama kina cha kiganja. Niliogopa, sikufichi. Ila ningemwambia nani, wakati niliyemkosea alikuwa hanisemeshi? Nikamvalisha Neema, tukaenda misa. Padri alihubiri vizuri, watu walisema. Mimi sikusikia neno.

Baada ya misa watu wakamiminika kwetu na nguo zao mpya. Walikuwamo walewale niliowapungia mkono njiani. Wakaizunguka pikapu. "Hongera, Mama Neema! Umetisha!" Hicho ndicho nilichokuwa nimekisubiri mwaka mzima, na nilipokipata nikacheka meno tu. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, ameshika upawa. Neema akaja kutoka kwenye gari, akanivuta kitenge mbele ya watu wote.

"Nimemuuliza jina lake."

"Nyamaza, Neema."

"Anasema unalo wewe."

Upawa ukamponyoka Mama. Akaja, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake za kanisani, akamshika mtoto mabega. "Amesema hivyo?" Neema akaitikia kwa kichwa. Ndipo Mama akaniinulia macho, mara ya kwanza tangu jana yake.

"Felista alikuwa yeye," akasema. "Alizaliwa alfajiri, akafariki kabla jua halijawa kali. Padri alikuwa mbali. Hakubatizwa, kwa hiyo hawakumwekea msalaba. Bibi yako alimlaza hapo, karibu na jiko, ili nikipika niwe naye. Akapanda masale. Baada ya mwaka ukazaliwa wewe, na mimi sikuwa na jina jingine moyoni. Nikakupa lake."

Epimaki alikuwa analia waziwazi, mtu mzima. Mimi sikuweza hata kulia. Jina langu, lile nililokuwa nimeliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa pikapu, lilikuwa la mtu niliyemkalia juu. Na kifungua mimba sikuwa.

Nilikwenda kwenye lundo la samadi. Wewe mkulima hujawa bado, lakini uliza: samadi mbichi ina moto, inaunguza kila jani unalolitupia. Masale yalikuwa mabichi kabisa, hata ncha hazijanyauka. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo, nikarudi nikapiga magoti mbele ya Mama.

Hakulipokea. Kwa desturi yetu hilo halipo. Nilisikia wazee wakiguna nyuma yangu.

"Si mimi uliyenikalia," akasema. "Mpelekee mwenyewe."

Kwa hiyo, mwanangu, siku ya Krismasi, mbele ya kijiji kizima, nililala kifudifudi na gauni langu jipya, nikatambaa chini ya pikapu yangu. Kule chini kulikuwa na baridi ya chuma na giza la mchana. Lakini nilipoweka mkono kati ya visiki, ardhi ilikuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mtu ametoka kuinuka. Nikaliweka lile jani. "Dada, nisamehe," nikasema. Maisha yangu yote nilikuwa sijamwita mtu yeyote dada. Hapo ndipo machozi yalipotoka, nikalia mpaka nikashindwa kutambaa, Epimaki akanivuta miguu.

Nikatoa ufunguo ili niliondoe gari. Mama akanishika mkono. "Usiliwashe. Utamshtua."

Basi wakasukuma watu. Walewale niliowaacha barabarani na mabegi yao walivua makoti ya Krismasi, wakakunja mikono ya mashati, wakaweka mabega. Nilingoja mmoja anitanie, maana nilistahili. Hakuna aliyefungua mdomo. Neema alisimama kando ya jiko, kidole mdomoni, anawaashiria wasipige kelele. Magurudumu yalitoka kwenye mashimo yake bila kukwama na bila mlio, na pikapu ikarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Mimi na baba yako tuliyarudishia masale siku ileile, shina kwa shina, Mama akitumwagia maji. Ukungu ukapanda, kuku wakarudi. Mama alinipakulia mtori kwa mkono wake, akaniambia, "Kula, Felista," na sikujua kama anatuita mmoja au wawili. Jioni nilimuuliza Neema habari za mtoto. "Amelala," akasema. Hakumtaja tena, na ukimuuliza leo atakucheka, hakumbuki chochote.

Bakuli la tano Mama alilipeleka kila Krismasi hadi alipofariki. Baada yake ninalipeleka mimi. Uliniona mwaka juzi, ukamwambia mkeo shangazi anazeeka, analisha kuku mtori. Nilikusikia. Asubuhi huwa naliokota tupu, na sijawahi kukaa kuchungulia nani anakula.

Sasa nisikilize. Gari si kosa, nunua hata mawili. Ukirudi nyumbani Krismasi, liache barabarani, uingie kwa miguu, maana nyumbani kuna watu ambao huwaoni ukiwa umekaa kwenye usukani. Usikate kitu usichokipanda kabla hujamuuliza anayekipalilia. Ukiambiwa subiri, usubiri, hata kama anayekuambia ni mdogo wako na mikono yake inanuka ng'ombe. Ukiwapita watu wa kwenu wanapanda na mizigo, wapakie. Na ukishakosea, usiombe msamaha kwa aliye rahisi kukusamehe. Mwendee uliyemkalia, hata kama itabidi utambae.

Mungu akutangulie njia yote, akuvushe Himo salama, akupandishe mlima na watoto wako wakiwa wamelala kwa amani kiti cha nyuma. Ukifika nitakutemea mate kifuani kama bibi zetu walivyotubariki sisi, na usijifute. Halafu kabla hujaingia ndani, zunguka na ile njia ya miguu nyuma ya jiko. Ukifika kwenye masale, simama, uvue kofia, useme shikamoo. Ni shangazi yako yule, mkubwa wangu, na hujawahi kumwamkia.